Bafta ya Daraja la Kwanza

Nikikaa na wazee wenzangu pale Riruta Satellite, hakosekani mmoja wa kusema kwamba mitumba ndiyo iliyoua kiwanda chetu cha nguo. Husema kwa sauti ya msibani, na wengine hutikisa vichwa. Mimi huwaacha wamalize, kisha nawaambia ni waongo. Mitumba ilipojaa masokoni ilikikuta kiwanda kimeshalala chali. Waliokichinja walikuwa watu wa suti, na sisi tuliovaa makoti meupe tulikishika miguu kisirushe mateke.

Najua ninachosema. Mimi nilikuwa mkaguzi wa vitambaa mle ndani kwa miaka mingi. Tena namjua mama mmoja ambaye kiwanda kile, kwa mkono wangu mimi, kilikaribia kumnyima kitu pekee alichokitaka duniani. Kitu chenyewe hakikuwa nyumba wala shamba. Kilikuwa yadi kumi na mbili za bafta nyeupe ya kuzikiwa.

Mama huyo alikuwa mwenye nyumba yetu Makina, kule Kibera. Nilitoka upande wa Ziwa muda si mrefu baada ya uhuru, nimeoa juzi, nina sanduku moja la bati na barua ya kuitwa kazini. Akatupa chumba cha mwisho katika vyumba vyake vinne vya udongo na mabati. Alikuwa mjane, Mwislamu wa wale ambao babu zao walikaa Makina kabla Nairobi haijajua lami. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na tabia ya kukutazama viatu kabla hajajibu salamu yako. Mpangaji aliyeacha sabuni juu ya jiwe la kufulia aliitwa mbele ya ua mzima akaulizwa kwao hufundishwa nini. Mimi na mke wangu tulimwita Mama, kwa sababu hakuna jina jingine lingemtosha.

Kwa wazee wa Makina wakati ule, mtu aliyejiheshimu hakungoja afe ndipo watoto waanze kukimbia madukani kutafuta sanda. Aliinunua mwenyewe akiwa na nguvu zake, akaiweka sandukuni pamoja na pamba, ubani na kichupa cha manukato. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, aliitoa akaianika uani, na majirani wakapita wakaishika na kuisifu kama mtu anavyosifiwa shuka la harusi. Mama alikuwa na yake. Dada yake alipofariki ghafla bila kujiandaa, Mama alifungua sanduku akampa. Tangu siku hiyo sanduku lake lilikuwa na ubani mtupu, na jambo hilo lilimsumbua kuliko goti lake lililovimba.

Aliposikia ninafanya kazi kiwanda cha nguo, aliniita mlangoni pake.

"Nyinyi mnatengeneza bafta?"

"Tunatengeneza, Mama."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi siku moja utaniletea yadi kumi na mbili. Lakini sitaki kipande cha kuungwa. Na sitaki yenye kasoro. Ile ya kwanza kabisa."

Nikamwahidi. Nilikuwa na umri wa kuahidi ovyo.

Kiwanda wakati huo kilikuwa kinapanda. Asubuhi tulitoka Kibera kundi zima tukifuata reli kwa miguu hadi Industrial Area, tunacheka, tuna viazi vya kuchemsha mfukoni, na tulijiona watu kweli. Ndani kulikuwa na kelele ya mitambo ya kufuma ambayo sijawahi kusikia mfano wake tena. Huwezi kumsikia mtu aliye mbele ya pua yako. Wafumaji walizungumza kwa midomo na vidole, na mpaka leo mke wangu hulalamika kwamba nikiongea naye namtazama mdomo badala ya macho.

Meneja wa kwanza alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mwembamba, mwekundu shingoni. Sina sifa nyingi za kumpa. Hakujua jina la mtu hata mmoja wetu. Alituita kwa namba za mitambo na meza, na kwa mwaka mzima mimi nilikuwa Meza ya Pili. Lakini kitambaa alikijua. Aliweka meza zetu za ukaguzi chini ya madirisha makubwa ya upande wa kaskazini, ambako mwanga hauchomi wala haudanganyi. Kitambaa kilivutwa juu ya roli, gogo linalozunguka, mbele yako polepole, mwanga ukipenya kutoka nyuma, na kazi yako ilikuwa kutazama. Uzi umekatika? Pana fundo? Pana tundu dogo la kupitisha sindano? Unasimamisha roli, unachukua uzi mwekundu, unashona mshono mmoja ukingoni mwa kitambaa, sambamba na kasoro ilipo. Mwenye duka akilifungua jora lake aliona nyuzi nyekundu zikining'inia pembeni, akajua kila kasoro iko wapi, na hakuna aliyemdanganya.

Jora likiwa na nyuzi nyekundu tatu lilishuka daraja la pili. Wafumaji walituchukia, na ilikuwa haki yao. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilikuwa naona kitu ambacho meneja mwenyewe alihitaji kioo cha kukuzia akione. Walinipa jina la utani ambalo halifai kuandikwa.

Bafta ya daraja la kwanza haikuuzwa kwa wafanyakazi. Ilikwenda mahospitalini, na madukani kwa bei ambayo mshahara wangu haukuifikia. Kabla ya Krismasi tulifunguliwa stoo ya daraja la pili tu, kila mtu akajinunulia cha kwake, na wa kwanza mlangoni ndiye aliyepata kizuri. Mwaka wa pili niliamka mapema, nikasukumana na wenzangu, nikatoka na yadi kumi na mbili za bafta nzima, isiyoungwa, yenye nyuzi nyekundu tatu tu. Nilizishona mimi mwenyewe, niliutambua mshono wangu. Niliibeba begani hadi Makina nikijisikia mwanamume.

Mama aliikunjua juu ya mkeka. Akaishika kwa vidole, akaivuta, akaitazama dhidi ya mlango. Uso wake ukaanza kulainika. Kisha akaona ukingo.

"Hizi nyuzi nyekundu ni za nini?"

"Ni alama, Mama. Hapa uzi umekatika kidogo. Hapa pana fundo. Hapa..."

"Nani aliweka?"

"Mimi."

Akaikunja tena taratibu, pembe kwa pembe, akanirudishia mikononi.

"Macho yako wewe yameona kasoro, unataka Mungu asione? Rudi nayo."

Kwa kweli sikukasirika. Nilivimba kichwa. Niliona amenisifu kuliko meneja yeyote. Mke wangu, ambaye hakuwa na muda wa kiburi changu, alichukua ile bafta akaitia chini kabisa ya sanduku letu la bati. Akasema itakuwa mapazia ya nyumba tutakayojenga nyumbani. Nyumba hiyo ilikuwa bado maneno matupu, lakini mapazia yakawa tayari.

Miaka ikaenda hivyo. Kila Krismasi Mama aliniuliza, na kila Krismasi nilimjibu kwamba ya kwanza sisi hatuuziwi.

Halafu tukaletewa mkurugenzi mpya.

Huyu alikuwa wetu, na ndiyo maana tulimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Alikuja na gari refu, fimbo ya kutembelea ambayo miguu yake haikuihitaji, na watu wanne wa kumfungulia milango. Kabla ya hapo alikuwa akisimamia mambo ya maziwa, au ya reli, hakuna aliyejua sawasawa. Hotuba yake ya kwanza ilichukua saa mbili uani, juani, na mitambo ilisimama muda wote huo. Kitambaa kwake kilikuwa utepe wa kukatwa kwa mkasi mbele ya wapiga picha. Sijawahi kumwona akishika jora hata siku moja, na namdharau mpaka leo. Nasema hivyo kwa utulivu, baada ya kufikiri kwa miaka mingi.

Siku moja alileta wageni wakubwa kutembelea kiwanda. Walipofika mezani kwetu, majora yaliyokaguliwa yalikuwa yamepangwa ukutani, nyuzi nyekundu zikining'inia pembeni. Mitambo ilikuwa imechoka wakati huo, vipuri havikuja, mafundi walikuwa wakifungua mtambo mmoja kuutibu mwingine. Kwa hiyo nyuzi nyekundu zilikuwa nyingi. Mkurugenzi akazigusa kwa ncha ya fimbo.

"Kwa nini nguo yetu iko na hizi nyuzi nyekundu mingi hivi?"

Msimamizi wetu akameza mate. "Ni mambo ya kasoro, mzee."

"Basi toeni. Kuanzia leo sitaki kuona uzi mwekundu hapa ndani. Hii ni aibu kwa taifa."

Tulidhani ametania. Jumatatu yake makasha ya uzi mwekundu yalikusanywa mezani petu na kupelekwa stoo. Mwisho wa mwezi tukaitwa mkutanoni uani, na mkurugenzi akatangaza kwamba chini ya uongozi wake kasoro katika kiwanda zimekwisha kabisa. Aliamini! Aliona nyuzi nyekundu hazipo, akaamini kasoro nazo hazipo. Wafumaji walitazama chini wasicheke. Mtu mmoja mbele akaanza kupiga makofi, na ua mzima ukafuata.

Nami nilipiga. Sikupiga kidogo, nilipiga kwa mikono miwili kama wenzangu.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Madirisha yetu ya kaskazini yalionekana mazuri mno kwa wakaguzi, yakajengewa ukumbi wa kupokelea wageni, wenye viti vya sofa na picha ya mkurugenzi. Meza zetu zikahamishiwa pembeni, chini ya taa moja ya umeme. Nikapandishwa cheo. Nikapewa koti jeupe jipya, kiti chenye mto, na muhuri wa mpira ulioandikwa DARAJA LA KWANZA, na kidau cha wino wa zambarau. Kazi yangu ikawa kupiga muhuri. Roli halikuvutwa tena, kwani kuvuta roli kulichelewesha kazi. Jora liliwekwa mbele yangu limefungwa, nikapiga, likaondoka, likaja jingine. Kiti kilikuwa kizuri. Nakumbuka mgongo wangu ulivyokishukuru.

Pamba nayo ilipoanza kuwa adimu, wakubwa wakagundua ujanja. Kitambaa chochote kikitoka mtamboni hupitishwa katika wanga uliochemshwa, wenyewe tuliuita uji, ili kisimame na kipate sura dukani. Uji mwepesi hauna ubaya. Wao walipunguza nyuzi, wakawa wanafuma kitambaa chenye nafasi kama kichujio, kisha wakaupika uji mzito na kuuchanganya na unga mweupe kama chokaa. Kitambaa kikatoka kigumu, kizito, cheupe pe! Ukikipiga kofi kinalia. Ungekipima kwa mizani ungekisifu.

Sitajitia hamnazo kwamba sikujua. Harufu ya uji ule ilinifikia kitini. Wapishi wake walipita karibu nami wakiwa weupe mpaka kope. Nilijua, lakini mtu akipiga muhuri kutwa, wiki baada ya wiki, huja siku anausoma na kuuamini. Huo ndio ugonjwa ulionipata, na sijui mwingine mbaya zaidi unaoweza kumpata mkaguzi.

Cheo kilinihamisha Makina. Mke wangu alitaka sakafu ya simenti, nami nilitaka watu waseme nina sakafu ya simenti. Tukapata chumba cha mawe Kawangware, nyuma ya maduka ya kituo cha basi cha 56. Mwenye ploti alikuwa mzee wa kanisa, aliyepita kila Jumapili akiwa na Biblia kwapani, akitazama kamba za nguo. Ukianika mashuka mengi alikuita pembeni, kwa maana umemaliza maji yake. Huyo ndiye mwenye nyumba tuliyembadilisha na Mama.

Siku ya kuhama nilitaka kuondoka kishujaa. Wakati huo wasimamizi tuliruhusiwa kujichukulia bafta ya daraja la kwanza, na hilo peke yake lingepaswa kunifungua macho. Nikachagua jora stoo. Na nilichaguaje, mimi niliyekuwa naona tundu la sindano kutoka upande wa pili wa chumba? Nilitafuta lile ambalo muhuri wake umekaa sawa, haukupinda, wino haukusambaa.

Mama alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa na ukungu, na goti lile lilimfanya akae zaidi kuliko kusimama. Aliipapasa ile bafta kwa viganja vyote viwili.

"Ngumu," akasema.

"Ni mpya, Mama. Ndiyo maana."

"Nyuzi nyekundu?"

"Hakuna hata moja. Tazama, ni daraja la kwanza. Muhuri huu hapa."

"Nani alipiga?"

"Mimi, Mama."

Basi akatulia. Akaniombea dua ndefu, mimi na mke wangu na watoto wetu. Binti yake akaipokea bafta akaiweka sandukuni pamoja na ubani, na kifuniko kikafungwa. Mama alinishika mkono akasema sasa analala. Nilitoka pale nikifurahi sana. Nikiikumbuka furaha ile huona haya mpaka shingoni.

Ilipita miaka kama miwili. Masika yakanyesha vibaya, na bati la nyumba yake likavuja juu ya sanduku. Binti yake alinijia Kawangware asubuhi ya Jumamosi, hakukubali kuketi wala kunywa chai.

"Mama anakuita."

"Kuna nini?"

"Anakuita leo. Usiseme kesho."

Nikavuka Ngong Road nikashuka mpaka Makina huku nikidhani nakwenda kuulizwa hali. Niliingia uani na kupaza sauti ya salamu. Kulikuwa na kitambaa cheupe kwenye kamba, na nyuma yake Mama amesimama, amejishikilia kwenye nguzo. Nilimwona. Nilimwona macho, pua, na mkunjo wa mdomo, nikaona hata mtandio wake wa kijani, na yeye bado yuko nyuma ya kitambaa.

"Unaniona?" akauliza.

Nikatazama chini.

"Hii ndio nguo yangu ya kwenda nayo?"

Chini ya kamba palikuwa na karai. Maji yaliyokuwamo yalikuwa meupe, mazito, na yaliacha utando ukingoni. Wanawake wa uani walikuwa wamesimama milangoni mwao, na hakuna aliyekuwa akifanya kazi yoyote.

"Iliingia maji ya mvua, nikasema nifue," Mama akaendelea. "Nimefua nguo maisha yangu yote. Sijawahi kuona nguo inakuwa uji. Nilikuuliza nani alipiga muhuri ukasema ni wewe. Uliangalia?"

Ningeweza kumwambia habari za mkurugenzi, na fimbo yake, na madirisha yaliyochukuliwa. Yote yalikuwa kweli. Nilifungua mdomo, nikamwona ananisubiri kupitia kile kitambaa, nikaufunga.

"Sikuangalia, Mama."

"Mimi mzee. Huu mguu unavimba mpaka huku juu. Daktari anasema maji iko kwa moyo. Sasa watu wanifunge na hii, wanibebe njiani, nikionekana? Mimi?"

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alivua kile kitambaa kwenye kamba akakitupa juu ya jiwe la kufulia, akaingia ndani akiburuta mguu, na binti yake akafunga mlango.

Jumatatu niliingia stoo ya kiwanda na kufanya kile ambacho nilipaswa kufanya miaka yote hiyo. Nilikata kipande kutoka kila jora la bafta lililokuwamo, nikavipeleka kwenye mfereji wa nyuma nikavifua kimoja kimoja. Vyote vilipukutika mikononi, vikabaki chandarua. Mwenye stoo alikuja akasimama juu yangu akicheka mpaka akashika mbavu.

"Niaje, mkubwa? Kwani leo ndio umejua?"

Nikaenda maduka ya mjini. Nguo ya kutoka nje ilikuwa imezuiwa, na bafta waliyokuwa nayo kila duka ilikuwa ile ile yetu. Nilifungua jora moja mbele ya mwenye duka nikaona muhuri wa zambarau, umekaa sawa kabisa. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimemfungia Mama milango ya jiji zima kwa mkono wangu. Niliumia. Niliketi kwenye ngazi za duka lile na watu wakanipita.

Haikufika miezi mingi lango la kiwanda likafungwa kwa mnyororo. Mkurugenzi alikuwa ameshahamishiwa shirika jingine, ambako nako, nina hakika, alimaliza kasoro. Sisi tulisimama nje ya lango siku tatu tukisubiri mtu wa kutueleza, na siku ya nne hatukuja.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Nilikuwa nimeketi kitandani na koti langu jeupe magotini, sijui hata nililibebea nini. Yeye alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Na ile ya sanduku?"

"Ipi?"

"Ile ya mapazia yangu. Ile alikataa."

Niliinua kichwa. "Ni daraja la pili."

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyemwaga unga wa mwisho.

"Wewe," akasema, "nimekusikia miaka yote hii ukiongea daraja, daraja. Na ile yako ya kwanza ilikuwa uji. Toka hapo nifungue sanduku."

Akaitoa kutoka chini kabisa. Ilikuwa imepiga manjano kidogo mikunjoni, na ilinuka vidonge vya nondo. Akaikalisha mapajani mwake, akapitisha mkono juu yake mara moja tu. Nyumba ya nyumbani ilikuwa haijajengwa, wala sasa isingejengwa, na tulijua hivyo sote wawili. Akaifunga kwa leso akanipa.

Mama hakunikaribisha ndani. Aliletewa kiti uani, mguu wake ukainuliwa juu ya kigoda. Ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Aliamuru binti yake alete karai la maji na sabuni, na aliponyoosha kidole hakumwonyesha binti.

"Fua wewe. Nataka kuona."

Nikavua shati nikapiga magoti. Wanawake wa uani wakatoka tena milangoni, maana mwanaume wa makamo anayefua bafta mbele ya karai si kitu cha kukosa. Mmoja akasema nikaze mkono, na wengine wakacheka. Nilifua yadi kumi na mbili zote, nikasuuza, nikafua tena. Maji yaliingia vumbi la sanduku, basi. Hayakuwa meupe. Kitambaa kilinywa maji kikawa kizito kiasi kwamba binti alilazimika kunisaidia kukikamua, na kilipopanda kwenye kamba kilivuta kamba ikapinda.

Mama akasaidiwa kusimama. Akaenda nyuma yake. Nilitazama, sikuona kitu isipokuwa weupe.

"Unaniona?"

"Sikuoni, Mama."

Akapapasa ukingo akiwa kule nyuma. Kisha akamwambia binti yake, "Leta sindano atoe zile nyuzi."

Kilipokauka nilikaa juu ya jiwe la kufulia, nikachomoa nyuzi zangu nyekundu. Ya kwanza ilitoka, nikatazama kitambaa sambamba nayo, nikaliona fundo. Ya pili ilitoka, nikauona uzi uliokatika, mwembamba sana. Ya tatu ilitoka, nikatafuta kasoro yake. Nilikigeuza kile kitambaa huku na huku dhidi ya jua la jioni. Nilitafuta mpaka macho yakanitoka machozi. Sikuiona. Ilikuwapo, kwa sababu kijana yule wa Meza ya Pili hakuwa akishona bure, lakini mimi sikuweza tena kuiona.

Mama alikuwa ananitazama.

"Zamani ulikuwa na macho," akasema.

Akaipokea bafta, ikaingia sandukuni na ubani wake.

Alifariki kabla ya mfungo uliofuata. Nilisimama nje na wanaume mtaani Makina wakati wanawake wakimwosha. Alipotolewa nilimsindikiza hadi makaburini pamoja na wengine, nikatazama ile bafta njia nzima, na haikuonyesha kitu. Baada ya siku saba binti yake alikuja Kawangware na bahasha ya gazeti, akampa mke wangu.

"Mama alisema hii ni yake yeye mumeo, siku yake ikifika. Alisema msikate sana, mtahitaji kubwa."

Ilikuwa ile bafta ya daraja la kwanza, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Mke wangu alikata pembe moja tu, ile yenye maandishi. Huchujia chai kwayo kila asubuhi hadi leo, kisha huifua na kuianika tena juu ya jiko, na muhuri wangu haujatoka.